Mama wa njiti aambiwe akamue siku hiyohiyo

Mhariri, naomba nafasi niseme hili maana linaniuma kweli. Huku kwetu Moshi mama akijifungua njiti wa wiki 28 au 30 hivi, mtoto anakimbizwa wodi ya njiti, watu wote akili iko kwenye oksijeni na joto, sawa kabisa, ila habari ya maziwa unakuta hakuna anayeigusa mpaka matiti yajae yenyewe. Mdogo wangu yalimkuta hayo mwaka jana. Mama mkwe naye alivyoona yale ya njano yanachuruzika akasema machafu hayo, mwaga, na huyohuyo nyumbani anafuga, ndama akizaliwa anahangaika nae mpaka anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza!

Sasa ya binadamu ndo hiyohiyo dang'a jamani. Kinga nyingi mtoto anazipata kwa mama kupitia kondo la nyuma miezi ile ya mwisho, huyu wa wiki 28 hakuifikia, kazaliwa na kinga kiduchu na utumbo haujakomaa. Dang'a ina kingamwili, ina chembe hai nyeupe, ina laktoferini, protini inayowanyima bakteria madini ya chuma. Na njiti anayepata maziwa ya mama yake, ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kuoza unampata kwa nadra kuliko anayepewa ya kopo.

Najua watu watasema mtoto mwenyewe hajui kunyonya. Ni kweli, kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja mpaka afike kama wiki ya 34, ndo maana kuna mrija wa puani. Hata kabla ya mrija, mama ananawa mikono, anakanda titi, anabinya taratibu, yakitoka matone tu yanatosha, nesi anavuta kwa kisirinji, mililita 0.1 ndani ya shavu la huku na 0.1 la kule, anarudia kila baada ya masaa machache. Hayo wala siyo ya kushibisha, kinga inaanzia kazi palepale mdomoni.

Kwahiyo manesi wetu wa Kilimanjaro na Arusha, najua mko wachache na mnachoka, ila mama akishapata nguvu mpeni kikombe kisafi na sirinji ndani ya masaa 6 ya kwanza, mwonesheni kukamua kwa mkono, arudie hata mara 8 kwa siku, usiku pia. Na baba aruhusiwe kuyapeleka wodi ya njiti kama mama kafanyiwa opresheni hawezi kutembea.

Mama mkubwa wa njiti, Moshi