Barua kwa mwanangu anayekwenda Stuttgart

Rabai, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Mamako kaniambia tikiti imetoka, safari ni Alhamisi. Nimefurahi, Mungu anajua, na tangu hapo usingizi umenipaa. Utaona mwandiko si wangu. Kalamu ameshika mdogo wako, mimi nasema.

Neno langu ni moja: ukiugua, sema. Sema siku hiyo hiyo, usingoje upone kwanza kama ulivyofanya chuoni mwaka juzi. Lile sitalirudia, lakini kupigiwa simu na mtoto wa watu uambiwe mwanao ametundikiwa maji hospitalini siku ya tatu, mzazi halisahau.

Waliponiambia ni Stuttgart, nilimkumbuka Rebmann, yule mmisionari Mjerumani aliyeishi hapa kwetu Rabai. Gerlingen, alikozaliwa mwaka 1820 kwa wakulima wa zabibu, na huko utakakokaa ni pua na mdomo. Shuleni mlifundishwa upande mmoja: kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliuona Kilimanjaro, kiongozi wake akauita ule weupe wa kileleni "baridi", basi, naye mtoto wa nchi ya theluji akajua papo hapo anatazama nini. Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London na hakuwahi kukanyaga huku, akabisha miaka na miaka. Hayo unayajua. Wenzako wakikuuliza kwenu wapi, waambie bila haya: natoka alikoishi mtu wenu.

Mimi namfikiria Rebmann wa baada ya mlima. Alifika 1846, na kwa miaka 29 hakurudi kwao hata mara moja. Mkewe, Emma, alifariki 1866. Yeye akabaki na madaftari yake: Kiswahili, lugha yetu, na lugha ya watu wa Nyasa aliyokuwa akiipokea neno kwa neno kutoka kwa mtumwa aitwaye Salimini. Mtu hapofuki kwa siku moja, mwanangu. Lazima ilikuwepo asubuhi alipovuta meza karibu na dirisha, kisha akaanza kuandika herufi kubwa, na bado anasema si kitu. Alipoondoka 1875 haoni, na Isaac Nyondo, kijana wa misheni, ndiye aliyefuatana naye hadi Ulaya. Oktoba 1876 akafa Korntal, huko huko karibu na Stuttgart. Kamusi ile ya Nyasa, Krapf, mmisionari mwenzake, aliichapisha mwaka uliofuata, mwenyewe yuko kaburini.

Namheshimu sana kwa kazi hiyo. Wewe nawe una moyo wa namna hiyo, wa kushika jambo hadi liishe, na najivunia nikikutaja kwa watu. Ndiyo sababu naogopa. Ukiugua, sema.

Desemba nilikwambia yale matone yamenisaidia macho. Hayakusaidia. Ni mtoto wa jicho, la kushoto limeshafunga na la kulia linafuata. Wakati ule ada yako ya kozi ya Kijerumani ilikuwa inadaiwa, nikaona hili langu lingoje. Mamako mwenyewe alijua siku nilipoukanyaga mtungi mlangoni mchana kweupe. Nimepewa tarehe ya kupasuliwa, mwezi ujao, na pesa yake ipo, kwa hiyo usije ukaanza kubadilisha safari. Nami nitakwambia kila daktari anachosema, kiwe kizuri au kibaya. Tuwe sawa katika hilo.

Mshahara wa kwanza usitume nyumbani. Nunua koti na viatu vya baridi. Shangazi yako atakuomba simu; mwambie azungumze na mimi. Paa la jikoni tumeezeka upya, makuti yamepanda bei lakini kazi imekuwa safi. Yule mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja ni wako. Kuhusu muhogo mkavu, mamako ameshafunga kilo tano kwenye gazeti na anasema utaingia sandukuni. Mwambie wewe uzito unaoruhusiwa, mimi hanisikii.

Jumatano usingoje matatu ya jioni. Njoo jua likiwa bado juu, tukae pale uani, nikutazame vizuri.

Babako