Barua kwa mwanangu, kabla hujatoa kishika uchumba cha ile nyumba ya Goba

Marahaba baba. Picha nimeziona zote, na ile video uliyotembea ndani mpaka jikoni nimeiangalia mara tatu, mara ya tatu nimemwita binti wa jirani aniongezee sauti nisikie huyo dalali anasema nini. Nyumba ni nzuri, sikatai. Vyumba vinne, vigae vinang'aa, jipsam ina taa za rangi, geti jeusi kubwa, na mkwe wangu nimemuona anavyotabasamu pale barazani. Nimemshukuru Mungu, mtoto niliyembeba mgongoni leo anatafuta kwake. Ila usiku ule sikulala vizuri, ndo maana nakuandikia kwa kirefu, maana kwenye simu najua utaniambia mama nipo kikaoni.

Umesema dalali anataka milioni tano za kishika uchumba, yaani hela ya kuishikilia nyumba isiuzwe kwa mwingine, kabla ya Jumatatu kwa sababu kuna mteja mwingine anakuja na hela mkononi. Baba nakuomba usitoe. Sikukatazi kununua, nunua, lakini nyumba ikaguliwe kwanza na mtu anayeijua kazi, umlipe wewe mwenyewe, asiwe mtu wa dalali wala ndugu wa muuzaji, aikague kuanzia kwenye msingi mpaka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, afu akuandikie alichokiona. Mteja mwingine kama yupo basi achukue, Goba haijaisha nyumba.

Hujui kwa nini nashikilia hivi maana ulikuwa na miaka minne. Ile nyumba ya Tabata tuliinunua Agosti 1997, marehemu baba yako na mimi, hela yote tuliyokuwa nayo na nyingine ya kukopa. Tuliiona mara mbili tu, zote mchana, jua kali. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya maziwa, harufu yake ilikuwa bado inasikika, na sisi tukaona ndo usafi, huyu mwenye nyumba ni mtu anayejali. Chumba cha nyuma kulikuwa na kabati limesukumwa ukutani, kubwa, hatukuomba lisogezwe, tungeanzaje kumwambia mtu mzima sogeza kabati lako tuone ukuta, tuliona ni kukosa adabu. Basi tukalipa tukahamia. Oktoba ile mvua zikaanza, zile za El Nino ambazo kila mtu wa Dar mwenye umri wangu anazikumbuka, na zilipoanza hazikukatika. Kufika Desemba maji yalikuwa hayaingii mlangoni, yalikuwa yanatoka chini. Unaamka asubuhi unakanyaga sakafu imelowa na hakuna aliyemwaga kitu. Rangi ikaanza kuvimba kama lengelenge, ukiigusa inadondoka na lipu yake, na nyuma ya pale lilipokuwa kabati ukuta ulikuwa mweusi kwa fangasi kutoka chini mpaka usawa wa kiuno changu.

Mzee mmoja jirani alikuja kutupa pole, akasema hapa palikuwa kibwawa, watoto walikuwa wanavua kambale, wakaja wakajaza kifusi wakajenga. Baba yako akamuuliza mzee mbona hukutuambia, akajibu mbona hamkuniuliza. Hilo jibu sijalisahau.

Wewe kifua kikaanza kukubana mwaka huo huo. Unakumbuka ulivyokuwa unalala umekaa? Hiyo haikuwa baridi ya Dar, ni ule ukuta. Baba yako aliuza pikapu yake tukachimba mtaro kuzunguka nyumba, tukabandua lipu vyumba viwili, tukapiga upya, ikarudi, tukabandua tena. Aliyetuuzia alishahama na hata angekuwepo tungemdai nini, karatasi ya mauziano inasema tumeiona nyumba na tumeridhika. Fundi mmoja ndo alikuja kutueleza baadaye kwamba juu ya msingi hapakuwekwa ile plastiki nzito ya kuzuia unyevu, ile mafundi wanaiita DPC, kwa hiyo maji yanapanda kwenye tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na rangi unayopaka juu yake ni kazi bure. Aliyaona hayo kwa nusu saa tu na bisibisi mkononi. Nusu saa hiyo tungeilipia Agosti, baba yako angebaki na gari yake.

Sasa umeniambia mama usijali, benki walishatuma mthamini na ripoti imetoka safi. Hapa naomba usome taratibu. Mthamini wa benki anaenda kuitazamia benki, anataka kujua hii nyumba ikiuzwa leo inapata shilingi ngapi, na ukishindwa kulipa ikauzwa haraka haraka itarudisha hela yao au hairudishi. Ni kazi halali na anaijua, ila hakupanda juu ya dari, hakufungua chemba ya choo, hakusogeza kabati. Hakutumwa huko. Nyumba inaweza ikawa na thamani nzuri kwa sababu ipo karibu na lami na huku kenchi zimeliwa na mchwa. Benki ikishapata dhamana yake inalala usingizi, wa kuamka saa nane usiku kuweka ndoo chini ya dari inayovuja ni wewe.

Dadako aliponunua kale kanyumba kake kule Uingereza alinitumia ripoti ya mkaguzi, karatasi nyingi sana, nikamwambia mbona umenunua kitabu. Akanielezea kule ni kawaida, unachagua ukaguzi wa levo ya kwanza, ya pili au ya tatu, nyumba ikiwa ya zamani au imebomolewabomolewa unachukua ya tatu, na kila sehemu inapewa alama, kijani hakuna shida, njano inahitaji marekebisho, nyekundu ni ya haraka au ya hatari. Paa lake lilipata nyekundu. Hakuiacha nyumba, alirudi kwa muuzaji na ile karatasi wakapunguza bei, hela iliyopungua ndo akatengenezea paa. Na huko nako benki ilikuwa imeshatuma mtu wake, akaambiwa ya benki ni ya benki. Huku kwetu hatujazoea, tunakagua hati tunasahau nyumba, lakini watu wa kuifanya wapo. Tafuta mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, mwombe namba yake ya usajili na uihakiki Bodi ya Usajili wa Wahandisi, usione aibu. Mimi nimemuuliza mmoja wa jumuiya yetu hapa Morogoro ambaye mwanae anafanya hizo kazi huko Dar, ametaja laki sita na ripoti ya maandishi yenye picha. Wewe unanunua nyumba ya milioni mia na sitini baba. Laki sita ukiona kubwa nitatoa mimi, hela ya kuku ipo.

Na nikwambie nilichokiona mimi ambaye si mhandisi, kwenye video tu. Pale sebuleni ulipopita, juu ya dirisha la kushoto kuna ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha unapanda kwa mshazari kwenda kwenye dari. Dalali akasema ni lipu tu. Inawezekana, lipu huwa inapasuka ufa mwembamba kama unywele na haina neno. Lakini ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, halafu upande mmoja mpana kuliko mwingine, huo mara nyingi ni msingi unashuka upande mmoja. Nenda nje uangalie ukuta huo huo kwa nje, kama nao umepasuka hapo hapo basi ujue ni tofali limepasuka. Chukua sarafu, ikiingia ubavu wake usiendelee na maneno, mwachie mhandisi. Na uangalie kama kuna sehemu imezibwa na rangi yake haifanani na jirani yake, maana mtu akiziba ufa mara mbili ukafunguka mara mbili ina maana nyumba bado inatembea.

Kitu cha pili chumba cha watoto, jipsam ina duara la kahawia karibu na ukuta wa nje, limepakwa rangi juu lakini bado linaonekana ukisimamisha video. Hiyo nyumba ina lile paa la kuficha mnalolipenda vijana, yale mabati yamelala nyuma ya kikuta na maji yote yanakimbilia kwenye mfereji mmoja wa ndani. Ule mfereji ukiziba majani au ukiwa haukuzibwa vizuri kwenye maungio maji hayana pa kwenda, yanarudi ndani. Mtu apande na ngazi, aangalie mfereji, afu aingie juu ya dari na tochi aguse mbao moja moja, achome na bisibisi, mbao nzima inagoma na iliyoliwa na mchwa inaingia kama mkate.

Afu kule nyuma, mungu wangu, kule nyuma ndo kulikoninyima usingizi. Goba ni milima, nyumba imekaa kwenye mteremko na wamejenga ukuta wa kuzuia udongo unaelekea kwenye korongo. Nimeuangalia ule ukuta sijaona hata kitundu kimoja cha kutolea maji. Mvua ikinyesha udongo wa nyuma ya ukuta unakunywa maji unakuwa mzito mno, yale maji yasipopata pa kutokea yanausukuma ukuta mpaka unalala. Muulize mhandisi hili kabla ya jingine lolote. Na pimeni umbali mpaka kwenye lile korongo, kama ni mto unaopitisha maji sheria ya mazingira ya 2004 inazuia kujenga ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo, watu wameshawekewa alama ya X ya kubomolewa kwa jambo hilo hilo na hati wanayo mkononi.

Umeniambia pia mnataka baadae kuongeza ghorofa, na muuzaji amesema msingi uliandaliwa. Maneno ya mdomoni. Akupe michoro na kibali cha ujenzi, kama vipo vitaonyesha nguzo ngapi na nondo milimita ngapi, kama hana basi hujui kilichopo chini. Mhandisi ana nyundo maalumu ya kupimia ugumu wa zege bila kulivunja, apime nguzo na lenta. Tarehe 16 Novemba 2024 sote tulikaa mbele ya runinga tukiangalia lile jengo la Kariakoo, watu wanatolewa kwenye kifusi wengine wazima wengine hawako tena, na wewe ulinipigia usiku ule sauti inatetemeka. Sitaki wajukuu zangu walale chini ya jamvi la zege ambalo hakuna anayejua limebebwa na nini.

Ya umeme na maji sitayarefusha. Washeni vyote kwa mpigo, feni, pasi, AC, jiko, muone kama breka inaruka au soketi inapata moto, na fundi umeme aonyeshwe waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, umezikwa wapi, asiambiwe upo. Fungueni bomba zote na mvute vyoo vyote pamoja kisha mfungue chemba mtazame maji yanavyokwenda. Karo la choo lilipo na limenyonywa mara ya mwisho lini, jirani wa upande wa chini ndo atawaambia ukweli maana harufu inaenda kwake. Hati na sechi ya ardhi, ile ya kuhakiki mmiliki ni nani, najua wakili wako anashughulika, deni la maji la DAWASA ulizeni wenyewe, na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU siku hizi ila angalieni kama hakuna deni la nyuma ya 2021.

Majirani baba. Nenda bila dalali, jioni, ukanunue hata maji dukani pale kona uulize hapa masika inakuwaje. Sasa hivi ni Agosti, kiangazi, na kiangazi kila nyumba Dar ni nzuri. Angalia ukuta wa fensi chini, maji yakisimama huacha mstari, rangi ya nyumba wanaipaka upya lakini fensi ya nyuma watu huwa wanaisahau. Ungeweza kusubiri mvua za vuli ukaiona ikinyeshewa ningefurahi zaidi, ila najua mkataba wenu wa kupanga unaisha.

Muuzaji akikataa nyumba isikaguliwe, ondoka siku hiyo hiyo. Akikubali na ripoti ikatoka na makosa usikate tamaa, kuna makosa ya laki tatu na kuna ya milioni arobaini, mwambie mhandisi aandike kila moja na gharama yake, mkae mezani mzungumze bei kwa ile karatasi. Na hayo marekebisho kama muuzaji anasema atafanya yeye, yaandikwe kwenye mkataba na hela ya mwisho isitoke mpaka mhandisi wako arudi kuangalia.

Nakuja Jumamosi na treni ya asubuhi, nimeshamwambia binti anikatie tiketi. Muombe muuzaji ruhusa tuingie saa nne, na umwambie kabisa kwamba tutasogeza makabati. Azima ngazi ndefu kwa yule rafiki yako wa madirisha, tochi ninayo. Mkwe wangu msalimie sana, mwambie nimewaletea mchele na ndizi, na mtoto asije na sisi kule nyuma kwenye ule ukuta.

Mama yako