Mgombea hakimbii ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba Kiingereza ni lugha nyepesi kwa sababu vitenzi vyake havibebi viambishi kama vyetu. Kazi yangu ni kufasiri nyaraka, na ningependa kumkabidhi kitenzi kimoja tu, "run", akae nacho mezani jioni moja.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba ni kukimbia. Sawa. Lakini ukiambiwa mtu ana-"run" duka, maana yake analiendesha. Pua iki-"run", inatoka kamasi. Rangi za kitambaa ziki-"run", zimechuja. Injini inanguruma, mto unatiririka, gazeti linachapisha habari, maradhi yanarithiwa katika ukoo: kote humo Mwingereza anatumia neno lilelile bila kutoka jasho. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya, hesabu iliyotangazwa mwaka 2011 ilikuwa maana 645 za kitenzi peke yake, na Peter Gilliver aliyelishughulikia alilikalia miezi tisa. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo katika toleo la 1989 lilikuwa na maana 430 hivi.

Ndugu yetu anasema viambishi hakuna. Mimi naona vipo, ila vimejitenga na neno vikasimama nyuma yake. Sisi tunasema kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana; wao wanaweka "into", "over", "out". "Run into" rafiki ni kukutana naye bila kutarajia, lakini "run into" mti ni kuugonga. "Run over" mtu ni kumkanyaga kwa gari, ilhali "run over" hotuba ni kuipitia harakaharaka. "Run out of" sukari ni kuishiwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akishaijua kauli ya kutendea na ya kutendesha, anaweza kubahatisha neno asilowahi kulisikia, na mara nyingi atapatia. Kwenye "run out" hana pa kushika. Ni kukariri tu. Huo wepesi uko wapi?

Sisemi kwamba sisi hatuna mzigo wetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Lakini "piga" hufuatana na nomino, na nomino hiyo ndiyo inayokuonyesha kazi. "Run" mara nyingi inasimama peke yake, ikakulazimu utazame mtendaji ni nani: mtu, maji au mashine. Maji, kwa taarifa, si wageni hapo. Kiingereza cha kale kilikwisha kulitumia neno hilo kwa kutiririka, na Wajerumani hadi leo wana "rinnen" kwa maji na "rennen" kwa mtu. Mashine ndizo zilizokuja baadaye, zikalijaza neno hadi pomoni.

Sasa lawama yangu, Mhariri, na ni kwenu watu wa magazeti kwa jumla. Habari za uchaguzi wa Marekani zinapofasiriwa, "run for office" nimeikuta zaidi ya mara moja ikiwa "anakimbia ofisi". Kwa Kiswahili kukimbia kitu ni kukitoroka! Msomaji anabaki kujiuliza mheshimiwa huyo kaiba nini. Kugombea tunako, na hakuna aliyetunyang'anya. Tena Waingereza wenyewe kwao hawakimbii: mgombea ubunge Uingereza "stands", yaani anasimama, na hapo wanakaribiana na sisi ambao vyama vyetu humsimamisha mgombea.

Ukurasa wa biashara nao una lake. "Run" ya benki imeandikwa "mbio za benki", na mtu angedhani ni riadha ya hisani, kwa kuwa benki nazo hudhamini riadha. Kumbe ni wateja kumiminika kwa pamoja kutoa akiba zao kwa hofu kwamba benki inafilisika, na kule kumiminika kwenyewe kunaweza kuifilisi. Andikeni hivyo hivyo, hata kama kichwa cha habari kitarefuka.

Wako,
Mfasiri wa nyaraka