YAH: Malalamiko kuhusu kazi ya kuinua pikapu yangu

Kwa Meneja wa Huduma,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya dhamana mnayajua kuliko mimi, sitayarudia. Pikapu mliyoiongezea kimo kwa milimita 50 sasa inapiga kama mkokoteni. Ikivuka tuta, mbele kunasikika "ko!" ya chuma kwa chuma. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Ikifika kilomita 80 kwa saa, sakafu inatetemeka.

Niliileta ikaguliwe. Fundi wenu mkuu hakuinama hata kuchungulia chini. Alikandamiza bampa kwa goti mara moja, akacheka, akasema mbele ya wateja: "Ukitaka ulaini, nunua gari dogo."

Basi niwaonyeshe alichokataa kuinama akione.

Springi za nyuma mlizofunga ni za kubeba kilo 300 muda wote, wakati fomu yenu wenyewe inasema gari hutembea tupu. Springi hizo bila mzigo hazikunjiki. Kishindo cha shimo kinapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Shokomzoba za mbele mkaacha zile zile za kiwandani. Gari likishapanda, fimbo ya shokomzoba inakaa karibu na mwisho wake, na gurudumu likishuka kidogo tu inagonga kikomo. Hiyo ndiyo "ko!" yenyewe.

Bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari, ndizo zinazoniuma zaidi. Zilikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia. Bolti za bushi hukazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, la sivyo mpira unabaki umesokotwa saa zote, unafanya kazi ya springi ya pili ambayo hakuna aliyeiomba, halafu unachanika. Bushi ya mbele kushoto tayari ina ufa unaoingia ncha ya kucha.

Yu-bolti, bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, mlizirudisha za zamani, na hakuna aliyesema zikazwe upya baada ya kilomita 500. Pembe ya difu imebadilika, kabari ya kuirekebisha hakuna, propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, inatetemesha gari zima. Alaimenti ya magurudumu imo kwenye risiti, karatasi ya vipimo haimo. Kwa usukani huu, kasta, pembe inayousaidia usukani kurudi, haikuguswa.

Na nairudia, maana bado naisikia: fundi huyo alikuwa na tochi mfukoni. Hakuitoa. Goti moja kwenye bampa, kicheko, "nunua gari dogo", kisha funguo akazitupa juu ya boneti. Wateja wawili wakageuka kunitazama. Na hapo nilikuwa nimeshapiga simu mara tatu wiki iliyotangulia!

Naomba springi za mzigo mwepesi, shokomzoba zinazolingana na kimo kipya, bushi na yu-bolti mpya, kabari, na alaimenti yenye karatasi, ndani ya siku 14. Hapana, siku 7. Kazi afanye fundi mwingine, nami nikiwa nimesimama pale pale.

Mkishindwa, rudisheni gari kwenye kimo chake cha kiwandani kwa gharama yenu, pamoja na pesa zangu zote, za vipuri na za ufundi. Siku ya nane, barua hii na picha za bushi zitakuwa mezani kwa wakili.

Springi zangu za awali bado mnazo. Nazo nazitaka.

Mteja wenu.