Tiketi unayo, kadi imekwisha muda: ukitozwa nauli nzima kwenye treni

Wiki tatu zilizopita aliingia ofisini kwetu binti mmoja anayesomea uuguzi, ameshika bahasha iliyokunjwakunjwa kwa kufunguliwa mara nyingi. Hata kabla ya kukaa akaniambia, "Shangazi, mimi tiketi nilikata. Hii hapa kwenye simu. Kwa nini wanasema nimesafiri bila kulipa?"

Tiketi alikata kweli, siku mbili kabla ya safari, na pesa ilitoka benki. Ila ilikuwa tiketi ya punguzo, na punguzo lenyewe lilitokana na Railcard yake, yaani kadi ya kulipia inayokupunguzia nauli ya treni, ya vijana wa miaka 16 hadi 25. Kadi hiyo ilikuwa imekwisha muda siku kumi na moja nyuma, naye hakujua. Mkaguzi alipopita akaomba kuiona, akaisoma tarehe, akaandika jina na anwani yake, akaendelea na kazi. Barua ikamfuata nyumbani.

Kila mwezi tunapokea watu wenye shida hii, na wengi wao ni watu waaminifu kabisa. Kwa hiyo naandika kwa wateja wetu wote wanaopanda treni hapa England, hasa mliokuja karibuni.

Sisi tumezoea usafiri ambao mambo humalizika papo hapo. Kwenye daladala au matatu konda akiona nauli imepungua atakwambia, utaongeza, safari inaendelea. Hapa si hivyo. Tiketi ya punguzo ni nusu ya ruhusa ya kusafiri. Nusu ya pili ni kadi yenyewe, ikiwa hai siku ile unayosafiri. Ukikosa nusu moja, kwa mujibu wa masharti ya reli unahesabiwa kama mtu asiye na tiketi halali. Ndiyo maana hawakutozi tofauti tu. Tuseme tiketi ya pauni 45 uliinunua kwa pauni 30. Unaweza kufikiri unadaiwa pauni 15. La. Wanaweza kukuuzia tiketi mpya ya njia moja kwa bei ya juu ya siku hiyo, kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kununuliwa.

Watu huuliza, kama kadi yangu imekufa, kwa nini waliniuzia? Jibu ni kwamba anayeuza hakagui. Mashine ya stesheni inakuuliza tu una kadi ya aina gani, unabonyeza, bei inashuka. Programu za simu zina hatari zaidi, kwa sababu ukishachagua kadi yako mara moja nyingi zinaikumbuka, na mwaka ukipita zinaendelea kukupa punguzo kimyakimya. Binti yule hakubonyeza chochote siku ile. Simu ilimbonyezea. Ukaguzi unafanyika ndani ya treni au kwenye geti la kutokea, wakati umeshachelewa kurekebisha. Mimi naona mpangilio huu si wa haki kwa abiria, na nitaendelea kusema hivyo, lakini ndio uliopo.

Kuna mitego mingine miwili. Tiketi za bei nafuu za Advance hununuliwa wiki nyingi kabla, hata wiki kumi na mbili. Siku ya kununua kadi ni hai, siku ya safari imekwisha. Inayotazamwa ni siku ya safari. Ukiihuisha kabla ya kupanda, tiketi ile ile inafaa. Vivyo hivyo na kwenda na kurudi: ukiondoka tarehe 28, kadi ikaisha tarehe 30, ukarudi tarehe 3, safari ya kurudi huna kadi.

Mtego wa pili uko majumbani mwetu. Mama ana miaka 66, anasafiri kwa Senior Railcard, lakini aliyemkatia kadi ni mjukuu, akaweka barua pepe yake mwenyewe. Ujumbe wa kukumbusha kwamba kadi inakaribia kuisha unamwendea mjukuu aliye chuoni, naye haufungui. Mama anaulizwa na mkaguzi mbele za watu, Kiingereza hakimtoshi, anarudi nyumbani analia. Mwaka juzi lilitokea kwa mzee mmoja ambaye tiketi tulimkatia sisi, hatukumuuliza kadi inaisha lini. Tulimrudishia pesa yote aliyotozwa. Tangu siku hiyo hatukati tiketi ya punguzo hapa bila kuiona kadi kwa macho na kuandika tarehe yake kwenye daftari, na tunampigia simu mteja wiki mbili kabla haijaisha.

Sasa, kama limeshatokea, jambo la kwanza ni kutazama ulipewa karatasi gani. Watu hutuambia "nimepigwa faini" kwa mambo matatu yaliyo tofauti kabisa.

Ukiuziwa tiketi mpya ya nauli nzima mle mle ndani na ukalipa, hiyo si faini. Umelipa, kwa kawaida yameisha. Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui: kama kadi yako ilikuwa hai ila uliisahau nyumbani, unaweza kudai urudishiwe nyongeza uliyotozwa, mara moja katika miezi 12, ndani ya siku 28, ukionyesha kadi. Lakini hii ni kwa aliyesahau kadi. Kadi iliyokwisha muda haimo. Tafadhali usiende kudai kwamba ulisahau kama si kweli, kwa sababu tarehe zote wanazo.

Ukipewa karatasi iliyoandikwa Penalty Fare Notice, hiyo ndiyo faini ya nauli. Tangu tarehe 23 Januari 2023, kwa England, ni pauni 100 pamoja na nauli ya njia moja. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka kuwa pauni 50 pamoja na nauli. Siku hizo hizo 21 ndizo za kukata rufaa, na ukishakata rufaa hesabu ya siku inasimama hadi upate jibu. Hatua za rufaa ni tatu, kwa hiyo wakikukatalia mara ya kwanza usikate tamaa. Ila nawaambia ukweli, kusema tu "sikujua kuwa kadi imeisha" mara nyingi hakutoshi. Hoja zenye nguvu zaidi ni za ushahidi: kadi ulishaihuisha ila haikufunguka kwenye simu, au karatasi yenyewe imeandikwa vibaya.

Karatasi ya tatu ndiyo ya binti yule, na ndiyo ya kuogopa. Mkaguzi hakutozi chochote, anaandika maelezo yako tu. Watu hushusha pumzi wakidhani wamesamehewa. Baada ya wiki kadhaa inakuja barua kutoka kampuni ya treni ikitaka maelezo na kutaja mashtaka. Sheria zinazotumika ni mbili. Ile sheria ya reli ya mwaka 1889 inamtaka mshtaki athibitishe kwamba ulikusudia kukwepa nauli. Kanuni ya 18 ya reli haijali nia: kusafiri bila tiketi halali kunatosha, na faini yake mahakamani inaweza kufika pauni 1,000. Kwa hiyo mtu aliyekosea kwa nia njema anaweza kutiwa hatiani, na ndiyo maana barua hii haiwekwi kando ya friji isubiri.

Ijibu kabla ya tarehe waliyotoa. Eleza lililotokea kama lilivyotokea, ambatanisha risiti ya kadi ya zamani na ya mpya, na uonyeshe kwamba uko tayari kulipa nauli. Kampuni nyingi zinakubali kumaliza nje ya mahakama kwa mtu ambaye hana kosa la nyuma. Binti yule tulimwandikia ukurasa mmoja tu, hakuna kulia wala kulaumu. Walikubali alipe nauli na gharama zao za kushughulikia faili. Ilimuuma, lakini rekodi yake ni safi, na kwa mtu anayetaka kusajiliwa kuwa muuguzi hilo lina thamani kuliko pesa.

Mwezi Juni 2025 ORR, mamlaka inayosimamia reli, ilitoa ripoti kuhusu jinsi kampuni zinavyowatendea abiria wenye tiketi zenye dosari. Ilitaja hata abiria aliyeshtakiwa kwa kuchagua kimakosa kadi ya 16-25 wakati anayo halali ya 26-30, ambazo punguzo lake ni sawasawa. Ikapendekeza kampuni ziwe na utaratibu wa aina moja na zitofautishe aliyekosea na aliyedanganya. Katika barua tunazoandika tunaitaja ripoti hiyo, kwa adabu.

Kuhuisha kadi kwa sasa ni pauni 35 kwa mwaka kwa aina nyingi, au pauni 80 kwa miaka mitatu. Ya watu wenye ulemavu ni pauni 20. Ya kwenye simu inapatikana kwa dakika chache, hata ukiwa umekaa stesheni, mradi iwe kabla ya kupanda na si mkaguzi akiwa kiti cha pili. Na chaji simu: simu iliyozimika ni sawa na kadi ambayo huna. Wazee wasiopenda simu wachukue ya plastiki, tutawasaidia fomu.

Kusoma barua yako na kukuambia ni karatasi ya aina gani hatutozi chochote. Kuandika rufaa au jibu tunatoza, na bei tunakwambia kabla hatujaanza. Sisi si mawakili. Ukishapata wito wa mahakama tunakuelekeza Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri kwa wananchi, ambao hawatozi, na tukiweza tunakusindikiza kutafsiri. Ukija, leta barua pamoja na bahasha yake, tiketi, kadi ya zamani hata kama imekwisha, kadi mpya kama unayo, na simu uliyokatia tiketi. Kama siku zilizobaki ni chini ya tano, usingoje miadi. Ingia tu.