Boti zisizo na watu zijaribiwe wakati wa kusi

Ndugu Mhariri,

Tangu Ukraine iizamishe meli ya kivita ya Urusi, Ivanovets, Februari 2024 kwa boti zisizo na mtu ndani, vyombo hivi husifiwa kwa kasi na baruti. Kwa Bandari ya Dar es Salaam kazi ya maana ni doria: kuchunga meli zilizotia nanga nje na kuwanasa mapema wavuvi wa mabomu. Huko kasi si tatizo. Tatizo ni ngalawa.

Ngalawa ya mti hurudisha mwangwi hafifu sana wa rada. Kusi ikivuma, mawimbi nayo huijaza skrini madoa, na fundi akipunguza usikivu ili kuyafuta, ngalawa hufutika pamoja nayo. Kamera ya joto husaidia kumwona mtu, lakini chumvi ikigandia kioo haioni kitu. Lazima iwe na kifutio na tangi la maji yasiyo na chumvi ya kuioshea. Kamera ya kawaida, usiku, hupofushwa na taa za wavuvi wa dagaa. Dawa rahisi ni kuwapa wavuvi viakisi vya rada: mabati yanayokutana kwa pembe mraba, yafungwe juu ya mlingoti. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na boti moja.

Kisha mawasiliano. Antena ya boti ikiwa mita 3 juu ya maji na ya nchi kavu mita 30, redio hufika takribani kilomita 30. Zaidi ya hapo ni setilaiti. Mawasiliano yakikatika, boti ifanye nini? Kusimama papo hapo ndani ya mlango wa Magogoni, penye meli kubwa na vivuko, ni kuomba ajali. Ipangiwe kutoka njiani na kungoja mahali maalumu, ikilinganisha GPS na dira na rada, kwa sababu GPS hudanganywa kwa mawimbi bandia.

Kuhusu injini: propela hunasa jarife, yaani nyavu za wavuvi; jeti, inayovuta maji na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, hainasi sana, ila hufyonza mifuko na takataka ambazo Msimbazi humwaga baharini wakati wa masika. Ningechagua jeti, yenye chujio linalofunguliwa kutoka juu na uwezo wa kurudisha maji nyuma ili kujisafisha.

Wauzaji hupenda kuonyesha bidhaa asubuhi, bahari ikiwa shwari. Majaribio yafanyike Julai, usiku, maji ya bamvua, katikati ya ngalawa zisizo na taa. Na kwa kuwa boti hizi haziwezi kumkamata mtu, kila moja iwe na boti ya askari inayoweza kuifikia ndani ya dakika 20.

Mkataba wa kuzinunua useme pia nani atamlipa mvuvi aliyekatiwa nyavu, na madai yake yapokelewe na BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi) ya ufukweni kwake, asitumwe makao makuu.

Fundi wa vyombo vya majini,
Kigamboni, Dar es Salaam