Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Machicha ya Bia na Maziwa Tunayouza

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida yamekwenda salama na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja: machicha.

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tusingeweza kufuga ng'ombe wa maziwa bila machicha ya viwanda vya bia. Majani ni ya kutafuta mbali, pumba bei juu. Shayiri ikishatoa utamu wake kwenye mapipa ya kiwanda, yanayobaki yana protini ya kutosha kumtoa ng'ombe maziwa. Tusipoyachukua sisi, mengi yangeishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Najivunia kazi hii, na ndiyo maana yaliyotokea mwaka huu yameniuma.

Machicha mabichi ni maji karibu robo tatu ya uzito wake. Kwa joto letu, siku mbili tatu tu yanachacha. Wakati wa masika nililetewa viroba kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Juu yalikuwa na rangi yake nzuri ya kahawia. Nilipozamisha mkono nikakuta vuguvugu, na chini utando wa kijani umeshikana kama kitambaa. Muuzaji, mwanachama mwenzetu, akaniambia, "Mzee, ng'ombe hachagui."

Ng'ombe hachagui, lakini sisi tunajua. Ukungu unaweza kuzaa sumu kuvu, na ng'ombe akiila, sehemu yake inaingia kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Mnakumbuka mwaka 2016, kule Dodoma na Manyara, watu walivyopoteza maisha kwa mahindi yenye sumu hiyo. Wateja wetu wengi ni akina mama wanaochukua nusu lita ya mtoto kila asubuhi, tena kwa kutuamini tu, bila kupima chochote.

Yapo pia majimaji. Kirikuu kikipita mtaani kinachuruzika, na wengine wetu tunamimina yaliyochacha mtaroni. Mitaro mingi ya upande wetu inaishia Mto Msimbazi. Uchafu ule ukioza unakula hewa iliyomo majini, samaki wanakufa, harufu inabaki na majirani. Tumezoea kusema mchafuzi ni kiwanda. Kiwanda kinabanwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ni kweli, na tuendelee kukidai. Ila mzigo ukishatoka getini ni wetu, na sheria ile inatuhusu na sisi.

Na hapo getini, naomba tuache hela ya soda ya kupakiwa kwanza. Anayeitoa anamsukuma nyuma mwenzake, na huyo wa nyuma ndiye anayerudi na mzigo wa juzi.

Kamati imekubaliana hivi. Kila kiroba kiandikwe siku kilipopakiwa. Gari litandikwe turubai lisilovuja. Asiyeweza kulisha mzigo wote kwa siku mbili aushindilie kwenye pipa, atoe hewa yote na afunge kwa nailoni. Ukifungwa vizuri unakaa wiki kadhaa. Yaliyoota ukungu yafukiwe shimoni mbali na kisima, yasiuzwe hata kwa wafuga nguruwe. Atakayekutwa anauza atasimamishwa uanachama, na mzigo alioniuzia yule ndugu nimeufukia mwenyewe, fedha amesharudisha.

Mapipa ya kujifunzia yako kwangu. Njooni Jumamosi asubuhi, kila mmoja na nailoni yake.